Ubongo wa Mwani

Povu jeupe lilipoanza kupanda pembeni mwa sufuria nilipunguza moto. Mwani ukichemka kwa nguvu hutoa ubongo wenye mapovu, na ubongo wenye mapovu husema uongo. Saumu, msaidizi wangu, alikuwa tayari na chujio mikononi, mwiko wa pili kaubana kwapani.

"Bi Tumu, huu wa leo wa nani?"

"Wa Mcha. Ule wa mwanzo umekauka."

"Mcha ubongo wote huo wa nini? Mpunguzie. Nusu kikombe kinamtosha."

Kabla sijamjibu, bakuli moja kwenye rafu nyuma yetu lilitikisika chini ya kitambaa chake cha kijani. Lilienda mbele kidogo, likarudi, likatulia. Saumu hakugeuka hata kutazama.

"Faki huyo," akasema. "Kizingiti cha juu kimempiga tena. Mtu kajenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe, halafu kajenga kwa kimo cha mkewe!"

Nilicheka mpaka ikabidi niweke mwiko chini. Hiyo ndiyo raha ya kazi yetu. Mabakuli yalikuwa ishirini na matatu, na kila moja lilikuwa pacha wa kichwa cha mchezaji mmoja wa ng'ombe hapa Kengeja, mtu wa kumchokoza dume na kukwepa pembe. Mchezaji huvaa kofia niliyoishona mimi, na ndani ya nakshi yake umepita uzi unaohisi kichwa kinavyokwenda. Kichwa kikigeuka, kigoda kilicho chini ya bakuli hugeuka vilevile, kwa kasi ileile, hata mwenye kofia akiwa sokoni Wete. Siku ya harusi rafu nzima hucheza ngoma.

Ndani ya bakuli mna rojo la mwani lenye ulaini wa ubongo, na katikati ya rojo zimepita nyuzi nyeupe mia nne, nyembamba kuliko unywele. Ubongo wa kweli una nyuzi zisizohesabika. Zangu mia nne ni wawakilishi tu.

Watu wengi hudhani kinachoumiza ubongo ni pigo lenyewe. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipotumia mwezi mzima na bakuli la uji. Ukilisukuma mbele, uji wote huenda nalo. Ukilizungusha ghafla, bakuli hutangulia na uji hubaki nyuma, na utando ulio juu hujikunja ukachanika. Fuvu nalo likigeuka ghafla, ubongo huchelewa kulifuata. Ni kuchelewa kudogo sana, lakini ndiko kunakozivuta nyuzi mpaka zikatike. Huo mwezi wa uji ndio shule niliyosoma. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliunywa uji wote ule bila kuuliza.

Asubuhi hiyo, baada ya kuumimina ubongo wa Mcha, nilianza kukagua. Mimi hukagua mara mbili kwa mwaka, msimu unapofungwa na siku chache kabla haujafunguliwa. Saumu hutoka nje. Ndivyo tulivyoapa mimi na wachezaji wote, tangu mwaka ule bakuli la kijana mmoja lilipofunuliwa mbele za watu, na wakwe zake watarajiwa wakarudisha posa kabla ya jua kuzama. Kilicho chini ya kitambaa ni cha mwenye kichwa. Mimi hukiona, lakini simwambii mwingine, na hata yeye simwambii mpaka aulize.

Bakuli la saba lilikuwa la Shaame, mtoto wa kaka yangu. Nilitia kioo cha kukuzia jichoni nikahesabu nyuzi zilizokatika. Nikanywa maji, nikahesabu tena kuanzia upande wa pili.

Msimu ulipofungwa niliandika kumi na mbili kwenye daftari langu. Sasa zilikuwa mia moja thelathini na moja.

Nilikaa. Mia moja thelathini na moja, na msimu haujaanza, hakuna aliyecheza zaidi ya mazoezi na ndama. Mwenye idadi hiyo hutembea na kula na kucheka, lakini mtikisiko mmoja mkubwa unaweza kumlaza asiinuke. Na Jumamosi, siku ya ufunguzi, Shaame alikuwa akutane na Karani, dume jeusi la Pujini, aliyeitwa hivyo kwa sababu hukusoma kwanza kabla ya kukupiga.

*

Shaame alikuja mwenyewe saa tano, na kikapu cha shokishoki, akipiga mluzi.

"Hodi hapa kwa mpishi wa bongo! Shangazi, shikamoo. Langu limekuwa halua au bado?"

"Marahaba. Kaa, Shaame."

Hakukaa. Alinitazama usoni, na mluzi ukaisha. Nina uso mbaya kwa kazi hii. Hauwezi kufunikwa kitambaa.

"Usiniambie," akasema.

"Sijasema kitu."

"Basi usiseme. Mpaka Jumapili. Jumapili nitakuja nikae hapa, uniambie yote, hata kama ni ya kulia." Akamenya shokishoki moja akanipa. "Mwaka jana Karani alinirusha mbele ya Riziki wangu na mama zake wote. Mwaka mzima wananiimba. Nimeshajifunza anavyoinamisha pembe. Lakini nikijua kitu, shangazi, mguu utachelewa. Na mguu ukichelewa, Karani hachelewi. Kuniambia ndiko kutakakoniua."

Alikuwa na haki. Nimewatazama wachezaji miaka kumi na tisa. Anayepigwa ni yule anayejiuliza. Na kiapo kilikuwa upande wake. Upande wangu zilikuwapo nyuzi mia moja thelathini na moja tu.

Nikatazama nje, kwenye konde la mpunga. Tuta linalolikata katikati ni jembamba, upana wa unyayo mmoja.

"Nichotee maji kule ng'ambo," nikamwambia. "Ndoo kichwani, usiishike. Na njiani unitajie ng'ombe wote uliowahi kucheza nao, tangu wa kwanza."

"Kwani Saumu kafa?"

"Sijafa!" Saumu akaitika huko nje. "Nakula shokishoki zako!"

Alipokuwa anakwenda nilijilaumu. Mtu mwenye nyuzi nyingi zilizokatika huyumba akibeba kitu huku akikumbuka kitu kingine. Shaame akiyumba atajua mwenyewe, nami sitakuwa nimesema neno. Ndivyo nilivyopanga. Lakini je, kumwongoza mtu mpaka akione asichotaka kukiona si kumwambia? Niliigeuza hoja hiyo kila upande na kila upande ilikuwa nzito. Sijui hata leo kama nilifanya haki.

Na isitoshe, hakuyumba. Alikuja juu ya tuta kama mtu aendaye kwenye karamu, ndoo imetulia kichwani, akitaja majina kwa sauti: Mpemba Halisi, Tajiri, Usinicheke, Bwana Afya, Tajiri wa pili. Katikati ya konde akasimama kwa mguu mmoja, akazunguka, akaendelea. Hakuna hata tone lililomwagika.

Nyuma yangu, kwenye rafu, bakuli lake lilikuwa limetulia tuli.

Nilitazama bakuli. Nikamtazama Shaame, na ndoo, na kata ya kitambaa chini ya ndoo.

"Shaame. Kofia yako iko wapi?"

Akaitua ndoo polepole. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana na aibu.

"Anayo baba mkwe."

"Tangu lini?"

"Tangu Maulidi. Alisema, kofia nzuri hiyo, mkwe, hebu niione. Akaivaa. Akajitazama kwenye kioo cha pikipiki." Akakuna shingo. "Shangazi, ungekuwa wewe, ungemwambia mkweo avue kofia?"

Nisingemwambia. Hakuna mtu wa Kengeja ambaye angemwambia. Na mimi, miaka yote, niliifundisha kofia ijue kichwa kinavyokwenda, sikuwahi kuifundisha ijue ni kichwa cha nani.

*

Baba mkwe wa Shaame, baba yake Riziki, ni Makame Hamad, mshika kamba. Ng'ombe wa mchezo hufungwa kamba ndefu, na kamba hiyo huzungushwa mara moja kwenye gogo la mnazi lililochimbiwa chini kabla ya kufika mikononi mwa mshikaji. Yeye ndiye anayelegeza kamba ng'ombe apate kukimbia, na ndiye anayekaza mchezaji anapoteleza. Makame ameshika kamba miaka thelathini na hajawahi kuguswa na pembe. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kufikiri kumshonea kofia.

Alasiri tulikwenda kiwanjani, mimi na Shaame, bakuli ndani ya kikapu changu likiwa limefunikwa. Mcha alikuwa anamchokoza ndama mwekundu. Makame alikuwa kwenye gogo, kofia ya Shaame imekaa upande kidogo, kama ya bwana harusi.

"Karibu Bi Tumu!" akaniita. "Umekuja kuona wanaume?"

"Nimekuja kutafuta. Nikimwona mmoja nitakwambia."

Akacheka, naye ndama akatimka. Kamba ikakimbia, ikafika mwisho, ikakaza. Makame alivutwa kiwiliwili mbele na kichwa chake kikabaki nyuma, halafu kichwa kikafuata kwa kasi, kidevu kikapiga kifua, kikarudi. Hakuanguka, wala uso wake haukubadilika. Alikuwa ameshazoea.

Ndani ya kikapu bakuli liliruka.

Nilihesabu mivuto tisa kabla ya ndama kuchoka. Hakuna kilichomgusa kichwani hata mara moja. Shingo ndiyo iliyokuwa ikikirusha kichwa, mara tisa kwa zoezi moja, na mazoezi ni mara tatu kwa wiki. Na hizo mia moja na kumi na tisa zilizoongezeka zilikuwa za miezi minne tu. Ile miaka thelathini iliyotangulia hakuna bakuli lililoihesabu.

Shaame alikuwa amekiona kikapu kikiruka. Si mjinga.

"Yeye, siyo?" akanong'ona. "Niambie ni ngapi."

"Asubuhi uliniambia nisikwambie."

"Kichwa changu sikutaka kukijua. Chake nataka."

"Chake si chako, Shaame."

"Jumamosi Karani atakuwa kwenye kamba ile! Baba akipata kizunguzungu akaiachia, mimi ndiye nitakayekuwa mbele ya pembe!"

Alikuwa na haki tena. Siku hiyo kila aliyesema alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonichosha. Nilikuwa na njia ya mkato. Sheria inaniruhusu kulifuta bakuli lililoharibika, na ambaye bakuli lake limefutwa hachezi. Ningelifuta la Shaame bila kutoa sababu. Angekuwa salama, siri ya Makame ingebaki siri, na Makame angeendelea kuvutwa mbele ya mchezaji mwingine mpaka nyuzi zimwishe. Mikono yangu ingebaki misafi na yeye angekufa.

Lakini Makame hakuapa nasi. Hakuwahi kuniomba nimpime. Nilikuwa nimechungulia ndani ya kichwa cha mtu bila kubisha hodi, na sasa nilitaka kumweleza nilichokiona humo. Kwa jambo kama hilo nilijua adabu moja tu, nayo ni kurudi mlangoni nikabishe hodi sasa.

Nikamwambia Shaame abaki pale alipo. Nikaenda nikakaa juu ya gogo, kando ya Makame.

"Bwana Makame, kofia hiyo si pambo. Inapima."

"Najua. Inampima mkwe wangu."

"Inampima aliyeivaa."

Alikuwa anakunja kamba. Mikono ikasimama. Baada ya muda ikaendelea, polepole zaidi.

"Nimeona jambo ambalo hukuniruhusu kuliona," nikasema. "Nisamehe. Ukitaka kulisikia, lipo ndani ya kikapu hiki. Usipotaka, nitaondoka nalo na hakuna atakayelisikia kwangu. Lakini nitamkataza Shaame kucheza Jumamosi, na hilo nitalifanya ukitaka usitake. Sipendi kulificha hilo nyuma ya mgongo wako."

"Kumbe ni baya."

"Hujaniuliza."

Alitazama kiwanjani, ambako Mcha alikuwa anamkuna ndama masikio. Nilidhani atanifukuza. Makame ni mtu wa majivuno, na majivuno yake yamekifaa kijiji.

"Wiki iliyopita," akasema kwa sauti ndogo, "nilitia chumvi kwenye chai. Nikanywa yote ili Riziki asijue. Juzi nimesimama njiani nisijue nilikuwa nakwenda au narudi. Baba yangu alianza hivyohivyo, Bi Tumu. Akaishia kutuuliza sisi wanawe tumetoka wapi. Nimelibeba hili peke yangu tangu mfungo. Haya, nauliza. Ni lile la baba?"

Nikaondoa kitambaa.

Nilimwonyesha nyuzi zilizo nzima na zilizokatika. Nilimwonyesha kamba, na gogo, na jinsi shingo inavyokirusha kichwa. Nilimweleza kwamba la baba yake mimi sina chombo cha kulipima, na siwezi kumwapia kwamba halipo. Nilichoweza kumwonyesha ni kwamba nyuzi hizi zina sababu, na sababu yenyewe ameishika mkononi. Nikamweleza pia tofauti kubwa kati ya rojo langu na ubongo aliopewa na Mungu. Rojo likikatika limekatika. Ubongo ukiachwa upumzike hutafuta njia nyingine, taratibu, si kwa nyuzi zote, lakini kwa nyingi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Alicheka, mwanzo kidogo, halafu kwa mabega, mpaka machozi yakamtoka na Mcha akaja kuuliza kuna nini.

"Kamba!" Makame akasema. "Miezi hii yote nasoma dua za uzee, kumbe kamba!" Akafuta macho kwa ncha ya shati. Akamwita Shaame kwa mkono. "We mkwe! Jumamosi kamba watashika watu wawili, na ng'ambo ya gogo tufunge mpira wa tairi ili isikaze ghafla. Mimi nitakaa na kina mama, nikutukane vizuri. Mwaka jana ulicheza kama mtu anayefukuza kuku."

"Sawa, baba," akasema Shaame. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetuliwa gunia.

"Na hii chukua." Akaivua kofia, akaitazama, akaipangusa. "Ilinipendeza zaidi mimi."

*

Ijumaa baada ya sala walikuja wote wawili. Makame alitaka bakuli lake mwenyewe, la halali, lenye kofia yake na kitambaa cha rangi aliyoichagua. Alichagua zambarau. Saumu akasema hajawahi kuona ubongo wenye maringo kiasi hicho.

"Usiuonee wivu," Makame akamwambia. "Nawe utapata wako ukikua."

Rojo lilikuwa limeganda tangu asubuhi, jeupe, safi, nyuzi mia nne nzima. Hapo nikasita. Bakuli hilo lingeanza kwa uongo. Lingemwambia msimu ujao kwamba hana hata uzi mmoja uliokatika, na angeliamini, kwa sababu wote tunapenda kuamini hivyo.

"Inabidi nizikate," nikasema. "Mia moja na kumi na tisa. Ili lifanane na wewe."

Saumu akainuka atoke nje kama ilivyo kawaida, Makame akamwambia akae.

"Zangu nazikata mwenyewe," akasema. "Nipe sindano."

Nilimpa, pamoja na kioo cha kukuzia, nikamwonyesha pa kuingilia. Mikono yake minene ilikuwa mipole kuliko nilivyodhani. Alikata wa kwanza, ukajikunja ndani ya rojo kama ukope wa jicho. Akahesabu kwa sauti. Shaame alikaa chini kwenye mkeka, karibu na magoti yake, kofia imetua kichwani pake, na kwenye rafu bakuli la saba, nililolitia rojo jipya na kulikatia kumi na mbili zake, lilikuwa linatikisika kidogo kila alipoinamisha kichwa kutazama.

"Arobaini na tano," akasema Makame. "Arobaini na sita. Arobaini na saba."

Sindano ikasimama hewani. Aliutazama ukuta kama kwamba namba inayofuata ilikuwa imeandikwa huko na mtu kaifuta. Saumu akainamisha macho. Mimi nilikuwa naijua namba hiyo, nikaizuia kwa meno, kwa sababu sikuwa nimeulizwa.

Makame akageuza shingo, taratibu sana, kama nilivyomfundisha, akamtazama mkwewe.

"Nimefika wapi?"

"Sasa arobaini na nane, baba," akasema Shaame. "Endelea. Nipo nakuhesabia."